Jina Chini ya Rangi

Jioni ile nilikwenda Msambweni kununua msasa na kopo la rangi nyekundu. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kitambi kimetangulia kama kontena, eti nataka pikipiki nyekundu! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Pikipiki yenyewe kuukuu, nilipewa na Tofiki. Tuliingia jando siku moja. Nilipooa, shahidi alikuwa yeye. Aliileta mwenyewe hapa Munje, akanishika mkono.

"Sema umepokea," akaninong'oneza.

Nikasema nimepokea, nikamkumbatia. Nimepika melini miaka kumi na tisa, nimetapeliwa kila bandari, Durban mpaka Karachi. Sikujua na kwetu ni bandari.

Nilitandika gunia uani, nikaanza kusugua tangi. Rangi nyeusi ikatoka unga unga. Chini yake pakatokea herufi, zimekwaruzwa kwa msumari.

*Nadhira binti Mwanafatuma.*

Binti yangu...

Kwetu, mtu huitwa kwa jina la mamake mahali pamoja tu: kwa mganga. Na mke wangu mtaani ni Mama Nadhira. Jina lake hasa walilisikia wachache, siku ya ndoa.

Nikasugua pembeni. Jina jingine, limepigwa mstari: Ummulkheir, bintiye Tofiki. Yule aliyepotewa na kauli miezi sita, akapona ghafla wiki ile ile niliyoletewa pikipiki.

Harufu ya ubani ikanijia. Kisha mngurumo. Ngrrr... ngrrr...

Injini nilikuwa nimeifungua. Imo ndani ya karai, vipande vipande.

Sauti ilitoka chumbani.

Nadhira alikuwa ameketi, ameukabili ukuta. Midomo ameifumba. Koo ndilo lililokuwa likinguruma.

"Nadhira, mwanangu?"

Hakugeuka.

Nikampigia Tofiki simu.

"Umesugua?" akanong'ona, hata salamu hakuna.

"Ulimwandika mwanangu, Tofiki?"

"Na wangu aliandikwa. Na mimi nilipewa na mtu niliyemwamini."

"Ungeniambia, ndugu yangu."

"Ningekuambia, ungepokea? Piga mstari, andika jina jingine, paka rangi. Mpe anayekuamini. Hakuna dawa nyingine. Nisamehe, sahibu."

Akakata.

Nikarudi uani. Msumari nikaukuta mkononi mwangu, sikumbuki nilipouokota.

"Mzee! Hiyo nduthi inakuja fiti!" Alikuwa Hesbon, jirani yetu, mhudumu wa hoteli huko Diani, amechungulia juu ya ua. "Ukiichoka unikumbuke, sawa?"

Hesbon huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali mwaka jana, mimi na kitambi changu chote.

Ndani, mngurumo ukapanda.

"Nitakupa," nikasema. "Bure kabisa. Acha niipake rangi kwanza." Nikajitahidi kucheka. "Ila, Hesbon... mama watoto jina lake hasa nani vile?"

"Veronicah, mzee. Kwani?"

Jina la mtoto wao nilikuwa nalijua. Huniamkia shikamoo kila asubuhi.