Macho ya Kuazima

Kila asubuhi kabla ya shule, Iftin humsindikiza mama yake sokoni mjini Garissa kuuza maziwa ya ngamia. Iftin hubeba dumu dogo na mama yake, Sahara, hubeba makubwa mawili. Hupita pembeni mwa barabara huku tuktuk zikiwapigia honi bila sababu yoyote ya maana.

"Hooyo, mama Leyla anakuja," Iftin hunong'ona, akimwita mama yake kwa Kisomali. "Kule mbele, karibu na duka la simu."

Hapo Sahara huinua kichwa na kusalimu kwa sauti kubwa, "Assalaam aleikum, mama Leyla!" kana kwamba amemwona tangu mbali.

Jambo hili lilianza kama mchezo, lakini sasa Iftin alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua vizuri kwamba si mchezo. Mama yake alikuwa haoni mbali. Mtu akisogea mbali kidogo tu, uso wake ulikuwa ukungu mtupu. Ila usithubutu kumwambia hivyo! Sahara alizaliwa Balambala kwa wafugaji, na alipokuwa msichana yeye ndiye aliyetumwa kutafuta ngamia waliopotea, maana aliwatambua kabla wengine hawajaona hata vumbi. Sifa hiyo alitamba nayo hadi leo.

"Miwani?" alimaka siku Iftin alipojaribu kuligusia. "Binti wa mfuga ngamia avae miwani? Wataniita kipofu. Nani atanunua maziwa kwa mwanamke asiyeweza kuona kama dumu lake ni safi?"

Iftin alinyamaza. Siku zile kunyamaza hakukuwa na hatari yoyote.

Hatari ilikuja na pikapu. Mjomba Barre alipohamia Nairobi aliwaachia gari lake. Baba yake Iftin alikaa na ngamia Balambala, na maziwa yalifika mjini kwa magari ya watu. Dereva akichelewa, maziwa yalichacha na wateja wakaenda kwa wengine. Sahara akaamua kwamba ataendesha mwenyewe. Alijiunga na chuo cha udereva, akapata leseni ya muda ya mwanafunzi, akaanza kusoma. Alama zote za barabarani alizijua kwa moyo. Kwenye meza yenye mji wa mfano, alikisogeza kigari chake kutoka makutano hadi makutano bila kosa, wanaume wakabaki kutazamana. Iftin alijivuna sana. Kilichomtia hofu ni barabara yenyewe.

Jioni za mazoezi aliruhusiwa kukaa kiti cha nyuma cha gari la chuo. Mwalimu wa udereva, mzee mmoja mtaratibu aliyeitwa Abdow, alikaa kushoto, mahali palipokuwa na breki ya pili. Alimwona Iftin ameweka mikono mabegani mwa mama yake, akadhani ni mapenzi ya mtoto. Hakujua kwamba bega la kulia likiminywa, kuna kitu upande wa kulia, na la kushoto vivyo hivyo. Yote mawili yakiminywa, simama. Sahara ndiye aliyebuni mpango huo.

Jioni moja walikuwa wakirudi mjini kwa barabara ya Balambala. Upande wa kushoto mikokoteni ya punda ilikuwa ikipeleka maji mjini, na Iftin aliikodolea macho asije mtu akagongwa. Hakutazama kulia. Alipogeuka, mbuzi walikuwa wameshaingia barabarani, na nyuma yao mtoto mdogo aliyempakata mwanambuzi mweupe. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

"Hooyo! Hooyo!"

Mwalimu Abdow alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama likiwa limebakisha shubiri tu. Yule mtoto hakulia wala hakukimbia. Alisimama pale mdomo wazi, amemkumbatia mwanambuzi wake.

"Jua limenimulika," alisema Sahara.

"Jua liko nyuma yetu, mama Iftin," mwalimu alijibu polepole. "Macho yako ni mazima?"

"Mazima, wallahi!"

Iftin alijua mama yake ameapa uongo. Aliona macho ya mwalimu Abdow yakimtafuta kwenye kioo. Akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Darasani alisikia breki badala ya sauti ya mwalimu. Chakula kilimshinda. Mwishowe alimweleza rafiki yake Nimo, aliyekaa naye dawati moja.

"Sema ukweli," Nimo alimwambia.

"Nikisema, hooyo atafeli. Atasema nimemwaibisha."

"Na usiposema je?"

Iftin alimfikiria yule mtoto, akalia huku amefunika uso kwa mtandio wake.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi wa udereva walijaa uwanjani, wengine wakisoma dua, wengine wakijifanya hawaogopi. Kabla ya kuingia garini, kila mmoja aliambiwa asome namba ya gari lililosimama mbali. Sahara alikuwa amekwisha kusikia habari hiyo. Alimvuta Iftin kando.

"Nenda kaninunulie maji kule ng'ambo. Ukipita karibu na lile lori jeupe, shika namba yake."

Iftin alikwenda. Namba ilikuwa kubwa na safi, aliishika mara moja. Alirudi na chupa ya maji.

"Haya, namba?"

"Sikuambii, hooyo."

"Wewe Iftin! Umerukwa na akili?"

"Leo nikikuambia, utapita. Je, siku ukiwa peke yako barabarani, mimi niko shuleni, nani atakuminya bega?" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Naogopa, hooyo. Sitaki uue mtoto wa watu. Sitaki ufe."

Sahara alifungua mdomo kumkaripia, lakini jina lake likaitwa. "Sahara Warfa!" Akaenda bila kugeuka nyuma.

"Mama, soma namba ya lori lile," alisema mtahini.

Sahara alikaza macho. Alisogeza kichwa mbele, akakirudisha. Kisha akageuka, akamtazama Iftin aliyekuwa amesimama karibu. Kunong'ona tu kungetosha. Iftin aliuma midomo na hakusema neno.

"Sioni namba," Sahara alisema hatimaye. "Hata lori lenyewe, mimi naona weupe tu."

Kuna waliocheka. Mwalimu Abdow hakucheka, alifuta jasho kwa kanzu yake na kushusha pumzi.

"Basi leo hufanyi mtihani," alisema mtahini. "Kapimwe macho, mama, halafu urudi."

Walitoka uwanjani. Iftin alitembea nyuma kidogo, akingoja makofi au matusi. Badala yake mama yake alisimama, akamnyooshea mkono. "Nionyeshe njia ya hospitali," alisema. "Ile inayopitia kwenye kivuli."

Daktari wa macho alimpima, akasikiliza habari ya aibu, akatabasamu. "Ngamia wenu akichechemea, huwa mnauficha mguu wake au mnautibu?" aliuliza. Sahara alicheka bila kutaka. Aliondoka na karatasi ya miwani.

Miwani ilipokuwa tayari, mama Leyla alimwona nayo sokoni akasema, "Afadhali! Sasa unaona dumu ni safi kweli." Akanunua maziwa mengi kuliko kawaida yake.

Sahara alirudi uwanjani, akasoma namba ya gari kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Alifaulu.

Safari ya kwanza yenye leseni ilikuwa ya Balambala. Iftin alikaa kando ya mama yake, na kwa mazoea alinyoosha mkono akaushika ule upande wa bega uliokuwa karibu naye. Ghafla gari likaanza kupunguza mwendo.

"Kuna nini, hooyo?"

"Mbuzi. Na mtoto nyuma yao, ana fimbo."

Iftin alitazama mbele, hakuona kitu. Alitazama tena, ndipo akawaona. Sahara alisimama kabisa, akawaacha wapite. Mtoto alikuwa yule yule, na mwanambuzi wake sasa alitembea mwenyewe. Sahara alimtazama mpaka akatoka barabarani salama.

"Niliapa uongo kwa ajili ya vioo viwili," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naendesha kwa macho ya kuazima, na karibu mtoto huyu alipe. Mtu akificha maradhi yake, haumii peke yake, huwaumiza hata wasiomjua. Na wewe, binti yangu, ukiona hatari, sema. Hata kama unayemwogopa ni mama yako."

"Ndiyo, hooyo."

"Haya, toa mkono begani. Naendesha gari."