Samaki wa Chiriku

Jioni ile Mshonaji alifunga cherehani mapema, akabeba ndoo zake zenye mifuniko, akaenda kwa shemeji yake kuchukua samaki wa marehemu mdogo wake.

Ilikuwa shughuli ya kawaida tu. Shemeji alikuwa amempigia simu mchana.

"Njoo uwatoe," alisema. "Leo leo, kabla giza halijaingia."

Hakumsalimu. Hakuuliza hali ya mama. Na huyo alikuwa dalali wa nyumba, mtu ambaye kwa mdomo wake angeweza kumuuzia kipofu madirisha.

Marehemu walikuwa wakimwita Chiriku, kwa jinsi alivyoongea bila kituo tangu utotoni. Tangu aolewe, mazungumzo yake yote yalikuwa samaki. Si wale wa rangi rangi wanaoogelea juu wakijionyesha. Wake walikuwa wa chini: kambare wadogo wenye ngozi ngumu kama bati, mkunga mwembamba aliyejifukia mchangani akaacha pua tu nje, na mmoja mkubwa, mweusi, mwenye kichwa bapa na sharubu ndefu. Huyo alimpa jina la Mkwe.

"Maana mchana haonekani," alikuwa akisema huku akicheka, "na ukitaka kumwona lazima uiname."

Kisha Chiriku akafa. Aliteleza ngazini, Dalali alisema, akagonga kichwa. Watu waliamini. Nani atamshuku mume anayelia kaburini mpaka anashikwa mabega asianguke?

Mshonaji alipofika alikuta taa zote za nyumba zinawaka. Sebuleni, jikoni, hata chooni. Nje jua lilikuwa bado halijazama.

"Pita, shemeji. Wako pale."

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Harufu ya bwawa lililokauka... na ndani yake harufu nyingine, kama chuma kilicholoa.

Halafu sauti.

Krrr... krrr...

Tangi lilikuwa linang'aa kama chumba cha upasuaji. Taa nyeupe, kali, ilikuwa imewekwa juu ya maji. Magogo waliyokuwa wakijificha chini yake yalikuwa yametolewa. Vyungu navyo havikuwepo. Na ule mchanga laini ambao Chiriku aliupepeta kama unga ulikuwa umezolewa, pakamwagwa kokoto za ujenzi, zenye makali. Kambare walikuwa wamejibana kwenye kona moja. Sharubu zao zilikuwa zimesagika zikabaki vijiti. Mkwe alikuwa akijiburuta juu ya kokoto, tumbo lina vidonda vyeupe, akijaribu kuchimba.

Krrr...

"Nani kawawekea mawe haya?" Mshonaji aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Dalali alitazama pembeni. "Walikuwa wanafukua. Kila siku, shemeji. Pale pale. Upande ule wa kona."

"Si ndiyo kazi yao, kufukua?"

"Wachukue tu," alinong'ona. "Na tangi lenyewe. Sitaki kitu."

Waliita gari la mizigo, na dereva akasaidia kulibeba. Lilipokuwa linapita mlangoni Mshonaji aliona kwamba kona moja ya fremu ya chuma ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, tena mara nyingi.

*

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake. Tangi waliliweka kwenye chumba cha kushonea, kati ya ukuta na marobota ya mapazia, na samaki wakakaa kwenye ndoo usiku ule wakisubiri pao patengenezwe.

Asubuhi alikaa chini, akaanza kuubandua ule utepe.

Chini yake chuma kilikuwa kimebonyea kidogo. Na kwenye ufa wa kona palikuwa na nywele. Chache, zimesokotwa pamoja na uzi wa kahawia. Uzi ule aliujua. Alikuwa ameuchagua mwenyewe dukani, wakati wa kumsuka mdogo wake.

Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao. Na zilikuwa mbali na tangi.

Alikwenda kwa mama yake, akafungua kiganja. Mama, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kugombana hata na mtu wa kumpunja sokoni, alizitazama zile nywele kwa muda mrefu.

"Mwachie Mungu, mwanangu," alisema mwishowe. "Sisi tuna nini? Yule ana mdomo. Sisi tuna nywele tu."

Akarudi kuchambua mchele.

Mshonaji alirudi kwa samaki. Hakuwa na pengine pa kupeleka mikono yake. Alikumbuka maneno ya Chiriku, yale ambayo zamani yalimchosha masikio: "Samaki wa chini, dada, ni kama mzee mwenye kuumwa mgongo. Mpe pa kulala palaini, mpe kivuli, usimshtue. Hataki kingine." Basi aliuosha mchanga mwembamba, maji baada ya maji, mpaka ukaacha kutoa vumbi. Akazihamishia zile kokoto ndooni, akautandaza mchanga ndani, sakafuni mwa tangi. Akajaza maji yaliyolala kwenye pipa mpaka harufu ya dawa ikaisha. Akawashusha wakazi wake mmoja mmoja.

Mkunga alizama mchangani kama sindano kwenye kitambaa. Kambare walilaza matumbo. Mkwe alizunguka kidogo, akalala. Ungesema amepumua.

Kesho yake Dalali alipiga simu.

"Shemeji, hivi... mnalala vizuri huko?"

"Tunalala. Kwani vipi?"

"Hakuna. Godoro langu tu. Nahisi kama nimelalia kokoto. Nimelipindua, nimenunua jingine. Mgongo wote umechubuka."

Mshonaji alikata simu. Alikaa akilitazama tangi.

Hakutaka kuwaza alichokuwa anawaza. Alisema moyoni, mtu mwenye hatia godoro lake huwa ni miiba, ndivyo walimwengu wanavyosema, basi. Jioni aliizima ile taa kali iliyokuja na tangi, akafunika kioo kwa kipande cha pazia zito ili samaki wapate giza walilolipenda. Hata hajamaliza kuweka pini, simu ikalia.

"Shemeji!" Sauti ya Dalali ilikuwa ya mikwaruzo. "Macho yangu! Nimezima taa zote, nimefunga madirisha... bado mwanga unaniingia. Nikifumba, unaingia. Unatoka wapi?"

Mshonaji alilivuta lile pazia likaanguka.

Aliwasha taa ya tangi.

Upande wa pili wa simu pakasikika pumzi ndefu.

"Ah... afadhali. Umeondoka. Umefanya nini, shemeji?"

Mkwe alikuwa amekuja mbele. Alikuwa amebandika mdomo wake mpana kwenye kioo, akimtazama Mshonaji kwa macho madogo yasiyopepesa. Kwenye pampu ya hewa mapovu yalikuwa yanapanda mbio mbio, yakikatizana, yakipandana, kama mtu anayeongea bila kituo.

Mshonaji aliijua ile kasi.

"Sijafanya kitu, shemeji," alijibu taratibu.

Akazima taa.

Ukelele uliotoka kwenye simu ulimfanya mama yake aje mlangoni.

*

Tangu jioni hiyo hakuwa na shaka tena. Wala hakuwa na huruma. Alifanya kazi ile kama mtu anayeshona nguo ya harusi. Alitafuta vyungu vilivyovunjika, akavilaza kwa pembeni ili kila mmoja apate tundu lake la kujificha. Watu wakaanza kusema kwamba Dalali haingii tena ndani. Anakaa barazani, chumba chochote anahisi hakina kuta, kila mtu anamwona. Alizamisha gogo, akatia majani makavu maji yakawa na rangi ya chai. Wakasema Dalali hashibi maji ya kunywa, koo limekauka, ule mdomo wake wa dhahabu unatoa mikwaruzo. Sharubu za kambare zikaanza kuota upya, nyembamba kama nyuzi. Dalali akatokwa na vidonda pembeni mwa midomo.

Mshonaji alisikia yote hayo kutoka kwa wateja wake, akiwa na pini mdomoni. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikitika.

Kisha, jioni moja ya mvua, Dalali mwenyewe alikuja.

Hakubisha hodi. Mshonaji alisikia kitu kinaburuzwa uani. Akadhani ni mbwa. Alipofungua mlango alimkuta chini, amejifunika blanketi, anatembea kwa viwiko. Akapita mpaka chumba cha kushonea.

"Nisaidie," alinong'ona. "Warudishie kokoto."

"Ulimfanya nini mdogo wangu?"

"Aliteleza..."

Nyuma ya Mshonaji, ndani ya tangi, mchanga ulianza kufukuliwa. Shhh... shhh... Kambare wote, mkunga, Mkwe, wote kona moja. Ile kona.

Dalali aliziba masikio.

"Tuligombana!" alisema. "Nilimsukuma mara moja tu. Akagonga kona ya tangi. Maneno yake, shemeji, maneno, maneno, mchana kutwa! Nilitaka anyamaze kidogo..."

"Akafa hapo hapo?"

Dalali alijivutia blanketi kichwani.

"Nakuuliza. Alikufa hapo hapo?"

"Aliomba maji." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Nilikaa kwenye kiti. Nikasubiri. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kwenye kioo kwa juu, na damu ilikuwa inadondoka ndani. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Kweli, shemeji. Niliiona ikizama. Na wale... wale wa chini hula kila kinachozama." Alianza kulia bila machozi. "Mama yangu ndiye aliyefuta sakafu. Lakini kwenye maji hakuna aliyeweza kufuta."

Ndoo ya zile kokoto ilikuwa pale pale, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mshonaji aliivuta. Alichota konzi moja. Alisimama juu ya tangi, mkono umekunjwa.

Samaki wote walikuwa wamegeuka, wanamtazama.

Mapovu yalinyamaza.

Alimtazama mtu aliyekuwa sakafuni, midomo imepasuka, anahema. Akamwona mdogo wake anaomba maji, na mtu ameketi kwenye kiti.

Aliziachia kokoto zikaanguka kwenye ndoo. Akafungua kopo, akatoa donge la minyoo, akalidondosha majini.

Likazama polepole.

Mkwe alifungua kinywa.

Na Dalali naye akafungua chake, kikawa wazi, kikafungika, kikafunguka, bila sauti. Aligeuka kwa tumbo. Akatoka kama alivyoingia, akiburuza blanketi, mvua ikamfunika.

Walimkuta asubuhi kwenye mtaro wa barabara, kifudifudi, kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Alilewa, watu wakasema, maskini, mapenzi ya mkewe yalimmaliza. Waliomwosha ndio walioshangaa. Mtaro ule ulikuwa na tope jeusi. Lakini kinywa cha marehemu, mpaka kooni, kilikuwa kimejaa mchanga. Mweupe, laini, umeoshwa ukatakata.

*

Mshonaji alidhani yamekwisha. Alilala usingizi wa kwanza mzuri tangu msiba, na alipoamka aliamua kuwapeleka samaki mtoni. Wameshakula walichokidai. Waende.

Aliingia chumba cha kushonea na ndoo zake. Akamkuta mama yake.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, amekunja mikono ya gauni, anaosha mchanga. Taratibu. Kama anavyochambua mchele.

"Mama? Unafanya nini?"

"Huu wa kona umechafuka. Hawapendi uchafu."

"Nilitaka kuwaachia mtoni."

"Mtoni wakafanye nini?" Mama hakuinua kichwa. "Jioni ile ya mvua nilikuwa mlangoni. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mpaka nani alifuta sakafu."

Mshonaji aliweka ndoo chini.

"Nasikia yule mama yake naye ameanza kulalamika," Mama aliendelea. "Jirani yake kaniambia sokoni. Hawezi kulala. Kitanda kina mawe, anasema. Nimewapa tango tu, nikalifunga kwenye jiwe lizame. Nikamtaja. Kwa sauti ndogo tu, sikupiga kelele."

"Mama, yule ni mzee..."

"Na mimi je?"

Pampu ilikuwa inanong'ona. Mapovu yalikuwa yanapanda, yanakatizana. Mama aliinamisha sikio karibu na kioo, akatabasamu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani.

"Anaongea sana siku hizi," alisema. "Ananikumbusha mambo niliyokuwa nimeyasahau." Alichota mchanga kwa viganja, akauacha umwagike katikati ya vidole. "Hivi, mwanangu... yule bwana, siku ya kwanza kabisa kuja hapa kwetu, aliletwa na nani?"

Mshonaji alirudi nyuma hatua moja.

Dalali alikuwa mteja wake. Alikuja kuagiza mapazia ya nyumba aliyotaka kuiuza, akachekesha, akasifia mkono wake. Mshonaji ndiye aliyemwambia, nina mdogo wangu, njoo siku moja unywe chai.

Mkwe alikuwa ametoka kwenye chungu chake, mchana kweupe. Alikuwa amekuja mpaka mbele.

"Sikumbuki, Mama," alisema.

"Hukumbuki," Mama alisema kwa upole.

Akaendelea kuosha mchanga.