Mgeni Mwenye Joho la Buluu

Jumatatu moja ya Julai 2014, saa mbili asubuhi, meneja wa jumba dogo la sanaa huko Parramatta alifungua chumba cha vitu vya China akakuta sanamu moja haipo. Zilikuwa jozi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kasri la mfalme wa China: wageni wawili wa nchi za mbali, wenye ndevu za kusokotana na pua kubwa, wamepiga magoti huku wamebeba vyetezo vya kufukizia ubani kichwani. Miili yao ilikuwa shaba, na majoho yao rangi ya kioo iliyoyeyushwa motoni juu ya shaba hiyo. Kabati la vioo walimowekwa halikuvunjwa. Wa kulia alibaki amepiga magoti peke yake.

Kampuni ya bima ilimtuma mpelelezi wake, Kawira. Alikuwa amerudi kazini wiki hiyo, baada ya kumzika mumewe, Kiptoo, aliyefia hospitalini Westmead. Watu walimpa pole naye akaitikia, kama anayeitikia kwa niaba ya mtu mwingine. Kazi aliifanya vizuri, ila haikumgusa popote.

Meneja alikwisha kumpata mwizi wake. Kwenye ndoo ya Venant, Mrundi aliyesafisha jumba hilo, polisi walikuta kitambaa chenye doa la buluu, buluu ileile ya majoho. Ufunguo wa kabati ulining'inia ofisini. Mfanyakazi yeyote angeuchukua. Meneja mwenyewe alikuwa Canberra tangu Ijumaa mchana, na hoteli ilithibitisha. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba wiki hiyohiyo wataalamu wa Melbourne walikuwa waje kuzikagua sanamu zote mbili kabla ya kuziazima.

Kawira alimkuta Venant kwake Rooty Hill, amesimamishwa kazi, ameketi na koti mwilini kama anayesubiri kuitwa. Alieleza kwamba Ijumaa alipangusa kabati kwa ndani kwa spiriti, akawapangusa na wale wageni vumbi. Aliwaambia polisi hivyohivyo, wao wakaandika kwamba amekiri kuzishika sanamu.

"Rangi ilitoka?" Kawira akauliza.

"Kwa yule wa kushoto, madame. Mkononi. Niliogopa, nikaacha."

"Na wa kulia?"

"Huyo nilianza naye. Hakutoa kitu."

Kawira alirudi Parramatta, akaomba ruhusa, akalowesha pamba kwa spiriti na kusugua joho la sanamu iliyobaki. Pamba ikatoka nyeupe. Kioo kilichochomwa juu ya shaba hakichuji. Basi yule wa kushoto alikuwa amepakwa rangi ya kawaida, juzijuzi, na mtu mwenye ufundi. Tena jozi huuzwa ghali kuliko moja moja. Mwizi wa kuuza asingeacha nusu. Aliyeichukua hakutaka kuiuza. Hakutaka ionekane.

Fundi wa kukarabati vitu pale alikuwa mmoja tu, Zilpah. Wakati wa matanga ndiye aliyepikia waombolezaji nyumbani kwa Kawira.

Jioni hiyo Kawira alikwenda kwake Minto. Zilpah alianza kumjulia hali. Kawira akamweleza habari ya pamba, polepole, mpaka mwisho.

"Iliniponyoka nikiisafisha," Zilpah alisema hatimaye. "Rangi ya mkono ikabanduka vipandevipande. Viza yangu inategemea hii kazi, Kawira. Nikaipaka, nikadhani hakuna atakayejua. Halafu nikaambiwa watu wa Melbourne wanakuja."

"Na Venant?"

"Mimi sikumtaja. Walimtaja wenyewe."

"Ukanyamaza."

Zilpah aliingia chumbani akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. Akakiweka mezani, akakifungua. Mgeni alikuwa bado amepiga magoti, mkono mmoja una mabaka, uso wake mtulivu.

"Nilishindwa kuitupa," alisema. "Nipe mpaka asubuhi, dada. Nilikaa nawe siku zote zile."

Kawira alijitafuta ndani, kama kuna hasira, kama kuna huruma. Hakukuta kitu.

"Najua," alisema. "Nitapiga simu sasa. Kaa hapa na mimi."

Alimpigia meneja, akawapigia polisi, mwisho Venant. Alimwambia sanamu imepatikana na jina lake limesafika. Venant hakuuliza aliyeichukua ni nani. Aliuliza tu kama madame amekula.

"Sijala," Kawira alisema. "Tangu jana."

Zilpah, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka akaenda kuwasha jiko, na wote wawili wakawangoja polisi.