Kibodi Mbili za Stoo

Saa saba na dakika tano mchana, Jumamosi, Karani alifungua folda ya marehemu mumewe akakuta haina kitu. Video mia mbili na kumi zilikuwa zimefutwa: mzee akinyoa ndevu huku anaimba, mzee akigombana na mwavuli uliokataa kufunguka, mzee akimwita mkewe kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Karani aliketi palepale stoo akalia. Kisha akapangusa uso, akachukua daftari. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameandika ushahidi wa watu mahakamani, na jina la kazi halikumtoka hata baada ya kustaafu.

"Ni hiyo michezo yako, mama," alisema mwanawe wa kwanza, mwalimu mkuu wa shule, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkubwa. "Imejaza mashine mpaka imemla na baba. Saa kumi naibeba hiyo seva naipeleka kwangu. Miaka sitini na sita, unakimbizana na malori kwenye kioo. Watu wanatucheka."

"Saa kumi bado," alijibu Karani. "Kaa hapo sebuleni, usiguse kitu."

Seva ilikaa kwenye rafu ya stoo na kutunza kumbukumbu za familia yote. Ndani yake Karani alikuwa ametengeneza mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta, na humo ndimo alimochezea. Aliipa diski yake peke yake, hivyo mchezo haukuweza kugusa faili za nje hata ungetaka. Wa kumdanganya katika hilo hakuwa amezaliwa. Tatizo lilikuwa orodha ya matukio: faili zilifutwa saa nne na dakika ishirini na sita asubuhi, kwa akaunti ya Karani mwenyewe. Saa hiyo yeye alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Nywila yake, hata hivyo, ilibandikwa ubavuni mwa rafu kwa ajili ya dharura, na kila aliyeingia stoo aliweza kuisoma.

Akatazama meza. Stoo ilikuwa na kibodi mbili. Ile isiyo na waya ilikuwa ya mashine pepe tu. Alipotoka kwenda duka la dawa aliiacha rafuni ikichaji, huku mchezo ukiendelea kwenye kioo cha chumbani kwake. Ya seva yenyewe, yenye waya, hukaa drooni. Sasa ilikuwa mezani.

Alianza na fundi umeme, aliyekuja asubuhi kubadilisha soketi. Akampigia simu.

"Uliizima seva yangu?"

"Sikuigusa, mama. Nilimaliza saa nne na dakika kumi, binti yako akanifungulia geti."

Seva ilionyesha siku arobaini na moja bila kuzimika. Fundi alisema kweli, na kibodi ya drooni hakuwa na haja nayo. Karani akamwita kitinda mimba wake, muuguzi, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha mbele.

"Saa nne na dakika ishirini na sita ulikuwa wapi?"

"Mama, unanishuku mimi?"

"Namshuku kila mtu. Jibu."

Binti akatoa simu. Alikuwa akizungumza na wodini kuanzia saa nne na robo mpaka saa tano kasoro ishirini. "Hata kama mlango wa nyuma ulifunguliwa, sikuusikia," aliongeza kwa unyonge. Karani akaandika.

Wa mwisho kupigiwa alikuwa Konokono, dereva wa teksi wa mji mwingine, mwenzake kwenye timu ya malori.

"Nahodha, leo ulituogopesha," alisema Konokono. "Lori lako limesimama, halafu unaandika mambo ya ajabu kwenye maongezi ya timu. Saa nne na dakika kumi na nane. Umeandika 'mkubwa', kisha 'nidhamukwanza'. Mara tatu. Ya tatu kwa herufi kubwa, tukadhani umekasirika."

Karani akafunga daftari. 

Alimwita Mkubwa stoo, dada yake akafuata.

"Umefika hapa saa ngapi leo?"

"Saa tano na nusu. Nimeshasema."

Karani akavuta kibodi ya seva, akaandika mkubwa, kisha nidhamukwanza. Akaunti ya mwanawe ikafunguka.

"Akaunti hii nilikufungulia mimi," alisema, "lakini nywila ulijiwekea mwenyewe, na mpaka leo sikuijua. Uliingia kwa mlango wa nyuma, ukashika kibodi ya rafuni. Ukaandika, kioo cha stoo kikakaa kimya, kwa sababu maneno yalikuwa yanakwenda kwenye mchezo, mbele ya timu yangu nzima. Ukatafuta ile ya drooni. Akaunti yako ikakunyima ruhusa ya kufuta, ukatumia yangu."

Mkubwa aliketi juu ya ndoo. "Nilitaka kufuta michezo tu," alisema polepole. "Nilifuta folda kubwa kuliko zote. Nilidhani ndiyo michezo. Mama, nilihutubia shule nzima juu ya ubaya wa michezo, mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono akasema nahodha wao ni mama yangu. Walicheka mpaka walimu."

"Ukaona heri nionekane mimi ndiye niliyemfuta baba yako."



"Kaka, mama anacheza kwa sababu ya upweke," binti alisema, akitaka kusuluhisha.

"Usinitetee kwa uongo," Karani alimkata. "Sina upweke. Nacheza kwa sababu napenda kushinda, na seva haitoki humu. Wewe Mkubwa, utakwenda kwa shangazi zako, kwa baba zako wadogo, kwa kila mwenye video ya baba yako kwenye simu, uombe nakala. Na kabla ya kuomba, utawaambia aliyefuta zetu ni nani."

"Nyumba zote, mama?"

"Zote. Anza leo, gari si umekuja nalo."

Mkubwa akainuka kutafuta funguo. Karani akachukua kibodi ya rafuni, akaenda chumbani kuliondoa lori lake njiani.