Pesi na Droo Iliyogoma

Njooni karibu, watoto, kaeni kitako. Leo tunaingia ndani ya kompyuta!

Humo ndani aliishi Pesi. Alikuwa mdogo, mwepesi, na mbishi kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuleta vitu kutoka kwenye diski, ghala la kompyuta. Diski ilikuwa na droo nyingi, nyingi mno! Zilizunguka, zuu, zuu, zuu.

Mkubwa wake, Shangazi Ratiba, alimfundisha hivi:
"Jaribu mara moja, jaribu mara mbili.
Jaribu mara tatu. Ikigoma, njoo useme."

Jioni moja, mtoto Nasra aliwasha kompyuta ya mama yake. Alitaka kumwona mbuzi wake, Kidoti. Kidoti alikuwa amehamia mbali, kwa babu. Picha yake ilikuwa moja tu.

"Pesi, kalete picha ya Kidoti!" aliita Shangazi.

"Abee, Shangazi!"

Pesi akavuta droo. Krii! Haikufunguka.
Akavuta tena. Krii!
Akavuta mara ya tatu. Krii!

Pesi akaona aibu. "Nikisema, ataona sijui kazi," alinong'ona.

Basi akajitia hamnazo. Akavuta mara ya nne. Akavuta mara ya kumi. Akavuta mara ya ishirini! Krii, krii, krii!

Huko nje, kompyuta ikaganda. "Mama, Kidoti wangu amepotea?" aliuliza Nasra. Machozi yakamlengalenga.

Pesi akamsikia. Moyo ukamuuma. Akatimua mbio, pata, pata, pata!

"Shangazi, droo imegoma! Nimejaribu mara ishirini, na sikusema. Nisamehe."

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi. "Droo imechakaa, si kosa lako. Ila ukinyamaza, sote tunakwama. Sasa umesema, twende!"

Akampeleka kwenye diski ya pili. Kila kitu kilikuwa na nakala yake huko.

Pesi akavuta droo. Shwaa! Ikafunguka, na picha ya Kidoti ikatoka!

Wakaweka nakala nyingine ya picha kwenye droo nyingine, nzima. Ile mbovu wakaifunga uzi mwekundu, mtu asiitumie tena.

"Kidoti huyooo!" alipiga kelele Nasra. Akakibusu kioo cha kompyuta, mwaa! Kioo kikalowa chote.

Mama akacheka, akakifuta, akazima kompyuta.

Droo zikapunguza mwendo. Zuu... zuu... zu.

"Leo umenifurahisha, Pesi," alisema Shangazi, akimfunika shuka.

Pesi alikuwa amelala fofofo, akitabasamu.