Kisiki cha Omotembe

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya chai ya Itumbe. Bitutu alikuwa anatoka dukani na mkate wa fundi, kazi ya kawaida kabisa, lakini aliposikia msumeno wa petroli ukinguruma bomani kwake, akasimama njiani.

Ni yeye mwenyewe aliyetaka mti ukatwe. Omotembe ule ulikuwa umezeeka, umeinamia nyumba, na mwanawe Mose alikuwa amemsihi aukate miaka nenda miaka rudi. Kila mara, hadi mwaka huu, Bitutu alikataa. Mose hakujua kwa nini, na nani angemwambia?

Miaka thelathini na moja iliyopita, Bitutu alijifungua mapacha humo nyumbani, Mose na msichana. Mama mkwe wake, mtu wa mambo ya zamani, aliwaogopa mapacha. Alimfunga msichana kwenye leso, akatoka naye, akarudi mikono mitupu.

"Amezaliwa amekufa," alisema.

Lakini Bitutu alikuwa amesikia vilio viwili. Mama gani atakosea hesabu hiyo? Aliposema hivyo alipelekwa chini ya omotembe, mti ambao Wakisii wa zamani waliuapia. Alizungushwa mti huo, akaambiwa ashike shina na aape kwamba hakusikia kitu. Akikataa, atarudi kwao, na Mose atabaki.

Aliapa. Jamani, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Machi mwaka huu mama mkwe alizikwa. Bitutu akajiambia kwamba mti ukianguka, kiapo nacho kitaanguka, atapumua. Masikini.

Mti ulianguka kwa kishindo. Ndege wakanyamaza. Momanyi, fundi wa msumeno, akazima mashine... kisha akageuza shingo polepole.

"Mama Mose," alinong'ona. "Kuna mtoto hapa?"

Kilikuwa kilio chembamba, cha mtoto wa siku moja. Kilitoka kwenye kisiki.

"Hakuna mtoto," Bitutu akasema.

Kilio kikapanda.

Momanyi hakudai hata ujira wake. Alibeba msumeno, akashika njia ya Ogembo bila kuaga. Mose alibaki amesimama, mikono mfukoni, wala hakuonekana kushangaa.

"Hata wewe unakisikia?" mama yake akauliza.

"Kila jioni, Mama. Tangu nikiwa mdogo. Nilidhani miti yote hulia."

Hapo Bitutu akavunjika. Miaka yote hiyo kaka mtu alikuwa akimsikia dadake, na yeye aliyemzaa alikuwa amejiziba masikio kwa kiapo! Alipiga magoti kwenye unga wa mbao, akakiinamia kisiki.

"Nilikusikia, mwanangu. Siku ile nilikusikia. Niliapa uongo kwa sababu ya woga, nikakuacha peke yako."

Harufu ya maziwa ikajaa hewani, maziwa ya mama, mabichi na matamu. Bitutu akashika kifua. Blauzi ilikuwa imelowa.

Alifungua vifungo, akainama juu ya kisiki. Mose alivua koti akamfunika mabegani, kisha akageuza uso, machozi yakimtiririka.

Kilio kikakoma.

Kikafuatwa na sauti ndogo ya kumeza.

Tangu siku hiyo, kila jua likizama, Bitutu hushuka kwenye kisiki. Mose humtazama kutoka mlangoni. Haoni kitu mikononi mwa mama yake, lakini huona jinsi anavyotikisa mwili polepole, na jinsi anavyorudi akijishikilia ukutani. Anakonda. Sketi ya kanisani sasa anaifunga kwa kamba, na mashavu yamebonyea. Daktari wa Nyamira amepima damu mara tatu, na mara tatu amesema haoni ugonjwa.

Jana Mose alichukua jembe na shoka. Alisema lazima kisiki king'olewe, na kama chini kuna mifupa, wataizika vizuri, wataomba.

Bitutu alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama majani makavu ya ndizi.

"Wewe nilikunyonyesha miaka miwili," alisema. "Mwache naye ashibe."

"Na asiposhiba, Mama?"

Huko nje giza lilikuwa linaingia, na mtoto alikuwa ameanza kulia. Bitutu akaachia mkono wa Mose, akaanza kufungua vifungo kabla hata hajafika mlangoni.