Samaki wa Kwanza

Mkeka ulikuwa umelowa, na paa halikuvuja.

Mvuvi aliuinua, akaunusa. Tope la bwawani. Akamtazama mkewe, aliyekuwa akipuliza kuni jikoni kama mtu asiye na habari.

"Umemwaga maji chumbani?"

"Mimi? Ili iweje?" alijibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

Asiyegeuka ana jambo, mvuvi aliwaza.

Yote yalianza na ubao. Tangu enzi za babu yake, wavuvi wa lile bwawa dogo humrudisha samaki wa kwanza wa siku. Wa kwanza si wako, husema, ni wa mwenye bwawa. Na mwenye bwawa hatajwi jina. Kisha ofisi ya maji, iliyoshindwa miaka nenda miaka rudi kuziba bomba linalovuja mlangoni pake yenyewe, ikasimika ubao: NI MARUFUKU KURUDISHA KITU CHOCHOTE BWAWANI. Mlinzi akapewa filimbi. Mvuvi alipotaka kumwachia perege wake wa kwanza, filimbi ikalia.

"Sheria ni sheria, kaka. Mpelekee shemeji akamkaange."

Shemeji alimkaanga, lakini akakataa kumla. "Ananitazama," alisema. Mvuvi alicheka, akammaliza peke yake, kichwa na macho yake.

Tangu hapo nyayo za maji zilitoka mlangoni hadi kitandani. Ndani ya pipa tupu kitu kilisikika kikijigeuza. Mkewe akahamia jikoni, akatia komeo, na kila mvuvi alipomsogelea alirudi nyuma akiziba pua, hata mvuvi, aliyekwisha kusikia visa vya majini wanaovaa sura za wake za watu, akaanza kujiuliza mkewe halisi alipotea lini, na huyu anaficha nini nyuma ya komeo, na kama akimfukuza leo kabla jua halijazama, yule wa kweli atarudi, au tayari yuko chini ya maji akiita na hakuna anayemsikia.

"Mtoe huyu nyumbani kwangu," alimnong'oneza mganga, mama mmoja mnene mwenye kikohozi, aliyefika siku ileile aliyoahidi. Kwa hilo tu alizishinda ofisi zote.

Mganga akamwaga majivu kizingitini. "Vukeni. Mke kwanza."

Mke akavuka. Majivu yakabaki makavu.

"Mjanja huyo!" mvuvi alisema, akavuka kwa hasira.

Majivu yakawa tope. Akainama kutazama miguu yake: maji yalimtoka katikati ya vidole, taratibu, kama bomba la ofisi.

"Mume wangu bado yumo humo?" mke alinong'ona.

"Kidogo." Mganga akakohoa. "Cha mwenye bwawa hurudishwa bwawani. Lete kamba, mwanangu."

Kwa mara ya kwanza mvuvi akaupenda ule ubao.

"Haiwezekani," alisema, na sauti yake ikatoa mapovu. "Ni marufuku."